Mgeni kamuuliza mzee wetu hela ya bati mbele za watu, sasa hawa Wajerumani niwajibu nini?

Bwana Yesu asifiwe mshauri,

Nakusoma siku nyingi ila sijawahi kukuandikia, leo nimeona bora niandike maana hili jambo limenikaa kifuani na hapa usharikani siwezi kumwambia mtu, ukimwambia huyu kesho liko kwa shemeji yake. Jina langu usiweke, wala la usharika wetu.

Sisi ni KKKT, Walutheri, huku Kilimanjaro, mlimani juu sio mjini. Tuna usharika rafiki Ujerumani, urafiki ulianza mimi nikiwa kwaya ya watoto na sasa nina watoto wako sekondari, na mimi ndo katibu wa kamati ya uhusiano kwa hiyo emaili zote zinapitia kwangu. Wao wanakuja, baada ya miaka kadhaa na wa kwetu wachache wanaenda. Wamesomesha watoto hapa, darasa la chekechea wamechangia, na safari hii walitutumia hela ya kuezeka kanisa la mtaa wetu mmoja wa huku juu, bati na mbao na misumari.

Mwezi wa nane wakaja wageni. Kina mama tulijipanga hasa, kila nyumba na mgeni wake, vitenge vikashonwa, na siku ya kuwapokea Mzee wetu mmoja alitoa beberu wake mwenyewe zizini akafanywa ndafu. Huyu ntamwita Mzee tu. Ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, amevuka sabini, hili kanisa letu kubwa lilijengwa yeye akisomba mawe kichwani na wenzake, huku kwetu akiongea watu wananyamaza. Basi kufika kwenye kukata ndafu wageni wawili wakasema wao hawali nyama, na Mzee ndo alikuwa ameshika kisu anawakatia kwa mkono wake. Alitabasamu lakini sisi tunaomjua tuliona.

Hilo tulimeza. Shida ikaja kwenye kikao.

Walikuwa wameomba kukutana na baraza la wazee pamoja na kamati, tukajaa ofisini mpaka vijana wakasimamia dirishani. Mgeni mmoja injinia mstaafu, huyu ameshawahi kuja huku miaka ya nyuma akalala kule kule mtaani kwa mwinjilisti, akafungua laptopu akaanza kuuliza. Bati ngapi, geji gani, bati moja bei gani, fundi kalipwa shingapi, risiti ziko wapi. Anamuuliza Mzee, mbele ya vijana, mbele ya wanawake, mbele ya mtoto wa Mzee ambaye naye ni mjumbe. Mzee akawa anajibu, ikafika mahali hesabu haikai. Ukweli ni kwamba laki tisa kwenye ile hela ilitumika kwenye mazishi ya mwinjilisti wetu wa mtaa ule ule, alifariki ghafla, familia haina kitu, mwili uko hospitali unadaiwa, fundi wa bati bado hajaanza kazi, kamati ikakaa usiku ikasema tumzike mtumishi wa Mungu kwanza hela tutarudisha. Na tulishaanza kurudisha, laki nne ilipatikana kwenye minada ya sadaka baada ya ibada. Hakuna mtu aliyekula hata senti. Mwenyewe niliwaandikia kipindi kile kwamba tumepata msiba usharikani na kazi itachelewa kidogo, wakajibu poleni. Sasa injinia akauliza kwa nini hela ya bati imeenda kwenye jeneza. Wote tukainamisha vichwa. Mzee akataja jina la marehemu. Yule mzungu akamwangalia, akafunga laptopu yake, hakusema neno lingine mpaka kikao kinaisha, hata pole hakutoa! Mzee akachukua kofia yake akatoka.

Tangu siku hiyo Mzee haji kwenye kamati, ibadani anakaa viti vya nyuma na ikiisha tu ameshaondoka, hasubiri hata kusalimiana pale nje. Wageni tuliwaaga kwa nyimbo na picha kama siku zote lakini kila mtu alijua kuna kitu kimeharibika.

Vijana wanasema tuuvunje huu uhusiano, hela zao wakae nazo, tumegeuka watoto wa kupekuliwa mifuko. Wengine, tena wazee wa kanisa, wanasema tuombe msamaha haraka mfadhili asije akakasirika, na haya maneno ya pili yananiuma kuliko ya kwanza. Mbona sisi tukienda kwao hatuwaulizi sadaka yao inaenda wapi? Mimi nilishaenda, kanisa la kuingia watu mia tano tulikuta wazee kama ishirini hivi na sisi, hatukusema kitu, tuliimba tukawafariji. Kwani ukarimu una risiti? Lakini tena najiuliza, maana binti wa kwao aliyelala kwangu kila asubuhi alikuwa jikoni na sisi anasugua masufuria ya masizi mpaka kucha zikawa nyeusi, na siku ya kuondoka alinikumbatia hataki kuniachia, kwa hiyo siwezi kusema wote wana dharau.

Wiki hii imekuja emaili. Ya heshima, ila wanaomba taarifa ya hela ya bati kabla ya kutuma nyingine, na hapo hapo wanakaribisha watu wanne waende kwao mwezi wa tano. Mchungaji wetu bado ni mgeni hapa, kaniambia andika kama kawaida, tunawashukuru sana, Mungu awabariki, risiti tutazitafuta. Mimi mkono unagoma. Niandike kama kawaida au niandike kilichoko moyoni? Na Mzee nimfanyeje?

Mama wa mlimani



Ameni dada yangu, na pole sana kwa msiba wa mwinjilisti wenu, nakupa pole hiyo kwanza kabla ya yote.

Kama kawaida usiandike. Hiyo kama kawaida ndo imewafikisha hapa, miaka yote hiyo barua zinaenda zimejaa tunawashukuru na Mungu awabariki na za kwao zinarudi zimejaa tunawakumbuka katika maombi, wala hakuna aliyedanganya, lakini hakuna aliyemwambia mwenzie jinsi anavyoishi. Ila na kilichoko moyoni usikiandike leo, subiri kwanza upoe, maana moyoni saa hizi kuna hasira, na hasira yako ina ukweli ndani yake lakini haina ukweli wote.

Tuanze na Mzee, aliyeumia kuliko wote ni yeye. Mzee ana andiko upande wake, tena maneno ya Bwana Yesu mwenyewe, Mathayo 18, ndugu yako akikosa nenda kaongee naye wewe na yeye mkiwa peke yenu, akigoma ndo unaita mmoja au wawili, kanisa linakuja mwisho kabisa. Injinia alianzia mwisho. Mtu wa umri ule, mwenye heshima ile, kuulizwa mambo ya hela mtoto wake akiwa amekaa pale pale anasikiliza, hilo ni jambo zito na lazima Wajerumani waambiwe, tena waambiwe kwa maneno yanayoeleweka sio kwa kuzunguka. Sisi watu wa huku tuna hii tabia ya kumeza, tunameza halafu tunakwenda kuliongea jikoni, na tunaiita unyenyekevu. Mimi siamini kama huo ni unyenyekevu. Kule Antiokia Petro alipoacha kula na watu wa Mataifa kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake, Paulo hakumeza, Wagalatia 2 anasema alimpinga uso kwa uso, na alikuwa anampinga mtu aliyetembea na Yesu. Kumficha ndugu yako kwamba amekuumiza ni kumnyima nafasi ya kutubu, yule anapanda ndege anarudi kwao anajua mambo yalienda vizuri isipokuwa hesabu tu.

Sasa injinia naye ana andiko lake, na hili naomba ulisome taratibu hata kama unaona namtetea. Fungua 2 Wakorintho sura ya 8 na ya 9. Paulo anachangisha hela kwa makanisa ya Mataifa, Makedonia na Akaya, zipelekwe kwa watakatifu maskini wa Yerusalemu. Yaani ni hiki hiki mnachofanya nyie na Wajerumani, kanisa la utamaduni huu linatuma hela kwa kanisa la utamaduni mwingine, na hao wa Yerusalemu ni watu ambao kabla ya hapo wasingekubali hata kukaa meza moja na Mkorintho. Na Paulo huyu aliyekuwa tayari kufa kwa ajili ya Injili hakusema niaminini mimi ni mtume. Akataka watu waliochaguliwa na makanisa wasafiri na ile hela, akaeleza kabisa sababu yake, asije mtu akawalaumu kwa ajili ya ile karama, kwamba wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Matendo 20 imewataja waliosafiri naye, Sopatro wa Beroya, Aristarko na Sekundo wa Thesalonike, Gayo wa Derbe, Timotheo, Tikiko na Trofimo wa Asia. Kundi zima! Kwa hiyo umeniuliza kama ukarimu una risiti, ndio dada, wa Paulo ulikuwa na mashahidi kutoka kila kona.

Lakini usiishie hapo, maana na Wajerumani wana la kwao la kusoma. Warumi 15 Paulo anawaomba watu wamwombee ili ule mchango ukubaliwe na watakatifu kule Yerusalemu. Anayetoa ndo ana hofu! Anajua anaweza kufika na mfuko umejaa na wakaukataa, na wakiukataa wametengana. Tena anasema hao wa Mataifa wana deni, wameshiriki mambo ya roho ya Wayahudi kwa hiyo kuwahudumia kwa mambo ya mwili ni wajibu wao. Mtu anayetoa kwa moyo huo hawezi kuingia kikao cha wazee wa watu akaanza na laptopu. Kila upande hapo umeshika andiko la kweli na umeliacha la mwenzie.

Kuhusu kuuliza risiti hadharani nikueleze kitu, wengi huku hawakijui. Wajerumani ni watu wa vyama, chama cha kwaya, cha mpira, cha wapanda milima, cha kutunza maktaba ya kijiji, na kila chama mkutano wa mwaka wanachagua wenzao wawili hivi wa kukagua kitabu cha mhazini, wanasoma matokeo mbele ya wanachama wote, halafu wanachama wanapiga kura kuiondolea kamati lawama. Mhazini anakaa pale pale mbele anakaguliwa na jirani yake, wakimaliza wanapigiana makofi wanaenda kunywa bia. Hakuna anayeona aibu, aibu ni kutokaguliwa. Halafu hela za sadaka zinazotumwa nje ya nchi lazima waoneshe zimetumikaje, ofisi ya kodi inaweza kuwauliza, kwa hiyo hiyo emaili ya kuomba taarifa inawezekana kabisa imeandikwa na mama mmoja wa makamo kule ofisini kwao ambaye ana fomu ya kujaza, hana kinyongo wala nini. Huyo injinia wenu kwa akili ya kwao alikuwa anawapa heshima, anawafanya kama wenzake wa kwenye chama. Hakujua kwamba huku mtu mzima anaulizwa nyumbani kwake, mkiwa mmekaa, mmeshakula, kwa kuanzia mbali.

Na ninyi kuna mahali hamkukaa sawa. Kumzika mwinjilisti hamkukosea hata kidogo, ningekuwepo kwenye hicho kikao cha usiku ningenyoosha mkono na mimi. Mtumishi aliyekula ugali wa kila nyumba hapo mtaani, aliyezika watu wenu wote, mwili wake ukae hospitali unadaiwa huku bati zinang'aa? Haiwezekani. Mlipokosea ni kwamba mlimficha ndugu yenu. Mliandika msiba usharikani. Nani? Hamkusema. Mliogopa kwamba hawataelewa, mkawaamulia mapema kwamba ni watu wasioweza kuelewa msiba, na hiyo ni dharau pia dada yangu, hata kama ina sura ya adabu.

Nikarudia barua yako mara ya pili nikasimama kwenye kitu ulichokipitia mbio. Umesema injinia safari ya zamani alilala kwa mwinjilisti. Umesema tena lilipotajwa jina la marehemu alimwangalia Mzee, akafunga laptopu, hakusema tena. Wewe umeona dharau. Mimi moyo wa mtu siujui, ila jiulize, kama hakuna aliyemwandikia jina, basi yule baba alijua kifo cha mwenyeji wake pale, kwenye kikao, katikati ya hesabu ya misumari, baada ya kuwa ameshatamka lile neno la jeneza. Wengi wa kwao wakipigwa na msiba wananyamaza, hawapigi ukunzi, hawaji kukushika mkono mbele ya watu, wanaogopa kusema neno baya zaidi. Inawezekana amerudi kwao na mzigo hajui aupeleke wapi. Muulizeni. Sio kwa kumshtaki, muulizeni tu, ulikuwa unamfahamu marehemu, tusimulie.

Hao wanaosema tuombe msamaha haraka mfadhili asikasirike nakubaliana na wewe wanaumiza, na waambie hivi. Kanisa la mlimani halijawahi kusimama kwa kuogopa mfadhili. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro 1893, lakini 1920 baada ya vita ile kuu Waingereza waliwaondoa Wajerumani, na waliobaki wanafundisha katekisimu, wanaosoma ibada, wanaozika, walikuwa walimu na wainjilisti wenyewe wenyeji, Walutheri wa Marekani wa Augustana wakaja kusaidia lakini walikuta kanisa linatembea. Vita ya pili ikawa hivyo hivyo, Wajerumani wakakamatwa, kazi ikaendelea. Yaani wakina mwinjilisti wenu ndo waliobeba kanisa. Mwaka 1963 makanisa saba yakaungana kuwa KKKT, na 1977 Walutheri wa dunia nzima walipokutana Dar es Salaam walimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Na hao Wajerumani walikuwepo wakipiga kura. Kwa hiyo msiende kwa magoti ya ombaomba, nendeni kama ndugu.

Na vijana wanaotaka kuvunja waambie kuvunja ni rahisi sana, haihitaji hata Mungu. Waambie habari ya Namirembe kule Kampala, mwezi wa tisa 1929. Daktari Mwingereza anaitwa Joe Church alikuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini Rwanda, amechoka, amekata tamaa, akakutana na Mganda anaitwa Simeoni Nsibambi, wakakaa siku mbili wanasoma Biblia na kuomba, wawili hao sawa sawa, kipindi ambacho mzungu kukaa hivyo na Mwafrika halikuwa jambo la kawaida hata kanisani. Ule uamsho uliofuata, wa Balokole yaani waliookoka, ulienda Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya, ukaingia Kagera kwetu, na kitu kilichoshtua watu ni kwamba wazungu walisimama wakaungama kiburi chao na dharau yao mbele ya Waafrika, na Waafrika nao wakaungama chuki zao na wizi wao mbele ya wazungu. Wakaita kutembea nuruni. Wakati mwingine walipitiliza, wakawabana watu waungame hadharani mpaka ikawa kero, mimi hiyo sehemu siipendi, lakini bila wale wawili kukubali kukaa chini pamoja sijui tungekuwa wapi.

Hilo la nyama liache lipite, Warumi 14 imelimaliza, anayekula asimdharau asiyekula na asiyekula asimhukumu anayekula. Safari nyingine waulizeni mapema nani anakula nini, na mwambieni Mzee kabla hajashika kisu.

Sasa fanya hivi. Kabla ya emaili, Mzee. Na hapa nitakuuma kidogo dada yangu, umeandika mwenyewe kwamba swali la jeneza lilipoulizwa wote mkainamisha vichwa. Uamuzi ulikuwa wa kamati nzima, mbona majibu yalikuwa ya mtu mmoja? Mimi nadhani kilichomtoa Mzee na kofia yake sio swali la mzungu peke yake, ni kwamba aligeuka kulia na kushoto akakuta yuko peke yake. Kwa hiyo kamati iende kwake, wachache, jioni, na umri wake awepo mmoja. Wewe Mchagga unajua kuliko mimi habari ya jani la sale, ukimletea mtu sale kuomba msamaha hata awe na hasira vipi anasikiliza. Chukueni sale nendeni nalo, sioni dhambi yoyote hapo, wazee wenu walijua neema inakujaje nyumbani kwa mtu kabla hata ya 1893. Mwambieni tulikuacha peke yako. Msianze na mambo ya Wajerumani, msianze na risiti. Akiwa tayari ndo mumsomee barua mnayotaka kutuma, na kitu asichotaka kiandikwe kisiandikwe.

Barua yenyewe mimi ningeandika hivi, wewe utabadilisha:

Ndugu zetu, salamu katika Bwana. Taarifa ya hela ya bati iko hapa chini na picha za risiti zote tulizonazo. Laki tisa haikwenda kwenye bati. Tuliitumia kumzika mwinjilisti wetu, na jina lake ni hili. Wengine wenu mlilala nyumbani kwake. Tulipaswa kuwaandikia siku ile ile na hatukufanya hivyo. Laki nne imeshapatikana kwa sadaka zetu, laki tano iliyobaki tutaimaliza ifikapo tarehe hii. Kuna jambo lingine tunawaambia kwa sababu ninyi ni ndugu. Mzee wetu aliulizwa habari za hela mbele ya mtoto wake na mbele ya vijana, na kwetu hilo linamvunjia mtu heshima sana. Tunajua kwenu ni jambo la kawaida. Tunaomba safari nyingine maswali ya hela yaje kwanza kwa watu wawili tutakaowataja, kabla ya kikao. Tunaomba pia mwenzetu injinia atuandikie yeye mwenyewe kuhusu marehemu kama anaweza, mjane wake atafurahi kusomewa.

Basi. Tarehe weka ya kweli, sio ya kupendeza, na hiyo laki tano irudi kweli hata ikibidi minada ya ndizi na kuku iendelee mpaka Pasaka, maana maneno yote haya yatakuwa upepo kama hela haijarudi. Na mkamilishe na kitabu, hela ya ufadhili ikae peke yake na ya mazishi ikae peke yake, anzisheni mfuko wa watumishi wanaofariki hata kwa elfu moja moja kwa mwezi, msije mkabanwa tena usiku.

Halafu umeuliza mbona nyie hamuwaulizi sadaka yao inaenda wapi. Waulizeni! Nasema kweli kabisa, kwenye barua hiyo hiyo ombeni kwamba wajumbe wenu wakienda mwezi wa tano wakae na mhazini wa usharika wao wafunguliwe vitabu. Watafurahi, utaona. Mtakuta mambo ambayo hamkuyajua, kwamba mshirika wa kule anakatwa kodi ya kanisa asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kutegemea na jimbo, serikali ndo inaikusanya, na asiyetaka anaenda kujiondoa rasmi kwa saini, na kila mwaka watu kwa malaki wanajiondoa. Wale wazee ishirini uliowakuta wanaishi na hilo. Mliwaimbia mkawafariji, ni vizuri, lakini hamkuwauliza mbona mmebaki wachache hivi, watoto wenu wako wapi, mkaona ni adabu. Labda walikuwa wanasubiri mtu awaulize. Uhusiano ambao upande mmoja ndo unaulizwa hela na upande huo huo ndo unaimba na kufariji umekaa vibaya, na hamna wa kuurekebisha isipokuwa nyie mkianza kuuliza na wao wakianza kulia mbele yenu.

Kuhusu watu wanne. Nafasi ya kwanza mpeni Mzee, akikataa akatae mwenyewe msimkatalie. Mmoja awe kijana katika hao wanaosema uvunjwe, tena yule mwenye mdomo kuliko wote. Mmoja mama, na mmoja anayejua kusoma kitabu cha hesabu. Mkutane na Mzee kabla ya mwisho wa mwezi huu, na pasipoti zianze kushughulikiwa wiki hii hii, viza ya Ujerumani inaombewa Dar es Salaam na miadi yake inachelewa.